Jumanne wavuvi wa Cape Coast hawaendi baharini

Kila Jumatatu dada yangu hapangi kazi yoyote kati ya saa saba na saa tisa mchana. Wateja wake hapo Kisumu wameshamjua. Mwenye nguo ya kupimwa huja asubuhi au hungoja jioni. Simu huwekwa kwenye meza ya cherehani, ikaegemezwa kopo la vifungo, na inapolia kila aliyemo dukani huombwa anyamaze. Anayepiga ni mwanawe wa pili, kijana wa miaka 20, aliyeko Cape Coast, pwani ya Ghana, ambako anahudumu kama mmishenari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wetu tunalijua kama kanisa la Wamormoni. Kwake huko bado ni asubuhi, maana saa za Ghana ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu.

Nimeketi katika duka hilo Jumatatu kadhaa, kwenye benchi la wateja, nikimsikiliza mpwa wangu akisimulia juma lake. Mimi ni Mwanglikana. Sikiamini Kitabu cha Mormoni kuwa neno la Mungu, na alipokuja Nakuru kuniaga nilimweleza hivyo bila kuficha. Alinisikiliza hadi mwisho, akanijibu kwa adabu kwamba anaujua msimamo wa mjomba wake, na kwamba angefurahi nikimwombea hata hivyo. Nimemwombea. Na kadiri ninavyomsikia ndivyo ninavyosadiki kuwa kanisa lake limeng'amua jambo ambalo makanisa yetu makongwe yamelisahau: kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi anaweza kukabidhiwa watu awatunze, wala si kupanga viti na kuimba kwaya tu, na asiwaangushe.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mvulana anaweza kwenda akiwa na miaka 18; zamani ilikuwa 19, hadi umri huo uliposhushwa Oktoba 2012. Wavulana huhudumu miezi 24, wasichana miezi 18. Hawapati mshahara. Familia huchangia gharama kila mwezi kadiri ya uwezo wake, na pengo huzibwa na mfuko wa kanisa. Kijana hachagui aendako. Huandika maombi, akapimwa na daktari, akahojiwa na viongozi wake, kisha akangoja barua ya kumwambia ni wapi. Mpwa wangu aliifungua barua yake mbele ya ndugu waliokuwa wamejazana sebuleni. Alikuwa amejiandaa kusikia Uganda au Afrika Kusini. Aliposoma Cape Coast, Ghana, shemeji yangu aliinuka akaenda kutafuta ramani kwenye vitabu vya shule vya watoto.

Duniani kote wako zaidi ya 70,000 katika kazi hiyo hivi sasa, na katika bara letu idadi kubwa ni Waafrika wanaowahudumia Waafrika wa nchi nyingine. Hilo ndilo lililonigusa kwanza. Picha ya mmishenari tuliyorithi shuleni ni ya mtu aliyetoka Ulaya kwa meli: Krapf aliyeshuka Mombasa 1844 na kumzika mkewe na mtoto wao mchanga mwaka huohuo, kisha Rebmann aliyemfuata 1846 akiwa na miaka 26. Tulizoea kuwa watu wa kufikiwa. Sasa mtoto wa Kisumu anashuka uwanja wa ndege wa Accra akiwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano mkononi, mashati meupe kwenye begi na beji nyeusi yenye jina lake kifuani, na yeye ndiye anayebisha hodi.

Jumatatu kwao ni siku ya maandalizi. Ni siku ya kufua, kununua chakula cha juma zima, kunyoa, kusafisha nyumba, kucheza mpira kidogo na wamishenari wenzao, na kuzungumza na nyumbani. Wanakaa wawili wawili, na sheria inataka kila mmoja awe mahali anapomwona na kumsikia mwenzake. Mwenza wa mpwa wangu kwa sasa ni kijana wa Utah, Marekani, ambaye kabla ya kufika Afrika hakuwahi kufua shati kwa mikono. Dada yangu alimfundisha kupitia simu. Alishika kola ya shati la mteja mbele ya kamera, akaonyesha jinsi ya kuipaka sabuni ya kipande na kuiacha kwanza kabla ya kuisugua, na Mmarekani yule akarudia hatua kwa hatua mbele ya beseni lake, huku mpwa wangu akicheka nyuma yake. Vumbi jekundu likichanganyika na jasho la pwani huacha mstari shingoni ambao hautoki kwa haraka, na mmishenari haruhusiwi kuonekana mchafu.

Simu hii ya kila juma ni jambo jipya. Hadi Februari 2019 wamishenari hawa waliandikia familia zao barua pepe mara moja kwa juma, na kusikia sauti ya mama kulikuwa kwa Krismasi na Siku ya Mama pekee. Sijui ni nani aliyedhani mama angeweza kuvumilia hilo. Dada yangu ana maswali matatu ambayo huanza nayo kila mara: umekula nini, unalala vizuri, nani anakusumbua. Kuhusu chakula, mwanzoni majibu yalikuwa ya huzuni. Banku inafanana na ugali kwa macho, lakini unga wake huachwa uchachuke kwanza, na mtoto aliyezoea ugali wa kwetu hushtuka ulimini. Siku hizi anaila kwa samaki na shito, ile pilipili nyeusi ya mafuta, na ameanza kuuliza kama Kisumu tunaweza kuipata.

Siku nyingine za juma hazina nafasi ya namna hiyo. Wanaamka saa kumi na mbili na nusu, wanafanya mazoezi ya mwili, wanasali, wanasoma maandiko kila mmoja peke yake na kisha pamoja. Mpwa wangu huongeza muda wa kujifunza Kifante, lugha ya wenyeji. Kiingereza ndiyo lugha rasmi ya Ghana, na angeweza kukitegemea, lakini aligundua mapema kwamba bibi kizee anayeuza samaki wa kukaushwa hafungui moyo kwa Kiingereza. Baadaye asubuhi wako njiani, kwa miguu au kwa trotro, matatu za huko, na hawarudi hadi usiku. Saa nne na nusu taa zinazimwa.

Sasa niseme kuhusu Jumanne, maana ndiyo siku ambayo mpwa wangu huisimulia kwa sauti tofauti.

Wavuvi wa Kifante hawaendi baharini Jumanne. Ni mwiko wa tangu zamani, bahari hupumzishwa. Siku hiyo mitumbwi mirefu iliyopakwa rangi na maandishi hulala mchangani, na wanaume huketi vivulini wakitengeneza nyavu. Kwa mmishenari hiyo ni nafasi adimu, kwa kuwa siku nyingine wanaume hao wako majini au wamelala kwa uchovu. Lakini vijana wawili wenye tai wakifika pale na kuanza kuhubiri, hupewa tabasamu na kuambiwa waje siku nyingine. Ndivyo ilivyokuwa mwanzoni.

Babu yake mpwa wangu, upande wa baba, alikuwa mvuvi wa Dunga, Ziwa Victoria. Mjukuu alilelewa miguuni pake likizo zote, akiujaza uzi kwenye sindano ya nyavu na kukabidhiwa matundu madogo ayazibe. Siku moja pale Cape Coast alisimama karibu na mzee aliyekuwa na wavu uliochanika vibaya, akaiona sindano nyingine imelala juu ya kamba bila mtu. Akaomba ruhusa kwa mkono wa kulia, maana huko mkono wa kushoto hausalimii wala haupokei kitu. Akakunja mikono ya shati, akaingiza tai ndani ya shati katikati ya vifungo isimzuie, akachuchumaa. Alianza kwa kukata nyuzi zilizolegea hadi akapata ukingo wenye nguvu, kisha akafunga fundo la kwanza, akapima tundu kwa vidole viwili kama alivyofundishwa, akafunga la pili. Mzee aliacha kazi yake akamtazama. Baada ya safu nzima aliunyoosha mkono, akalivuta fundo moja kwa nguvu kulijaribu, likashika. Hakusema neno. Alimsukumia ndoo iliyopinduliwa aikalie.

Tangu siku hiyo Jumanne ina mahali pake pa kwenda. Mmarekani amekuwa hodari wa kujaza uzi kwenye sindano. Wavuvi huuliza maswali wakati mikono inafanya kazi: Kenya kuna bahari? Ziwa lenu lina samaki gani? Nani amekulipia nauli? Mama yako yu hai? Na ikafika siku yule mzee akaigusa ile beji kwa kidole na kuuliza imeandikwa nini, na hapo ndipo mazungumzo ya dini yalipoanza, kwa kuulizwa.

Dada yangu aliuliza ni wangapi miongoni mwa wavuvi hao wamebatizwa. Hakuna hata mmoja. Kijana alijibu hivyo bila kusita, na sikusikia unyonge sautini mwake.

Naijua hali ya Ghana kiasi cha kuelewa kwa nini. Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa Wakristo ni karibu asilimia 71 ya watu wote. Jina la Yesu limeandikwa kwenye saluni, kwenye duka la mbao, nyuma ya kila trotro. Mmishenari haendi kuwaletea watu hao habari za Kristo; wanazo, na wengi wanaijua Biblia kuliko yeye. Anachobeba ni dai kwamba kuna zaidi ya hapo, na dai hilo lina watu wanaolipinga kwa hoja nzito, mimi nikiwa mmoja wao. Cha ajabu ni kwamba kinachomchosha mpwa wangu si upinzani. Ni ukarimu. Desturi ya Waakan, jamii ambayo Wafante ni sehemu yake, ni kwamba mgeni akifika hupewa kiti, akaletewa maji ya kunywa, kisha ndipo huulizwa rasmi ni jambo gani lililomleta. Hakuna anayefungiwa mlango. Watu husikiliza, hushukuru, huahidi kuja kanisani Jumapili, na Jumapili hawaji. Ukiwakuta Jumatatu hukupokea kwa furaha ileile. Kijana wa miaka 20 anahitaji moyo mkubwa kuahidiwa hivyo juma baada ya juma na bado kuamini kwamba anayemwahidi leo anamaanisha.

Kuna jambo lingine linalotokea milangoni ambalo lilimuuma, na ambalo amejifunza kulibeba vizuri. Kati yao wawili, yeye ndiye kiongozi; amekaa muda mrefu zaidi, na anajua lugha. Lakini wenyeji wakifungua mlango humtazama Mmarekani. Watoto humkimbilia wakiita obroni, yaani mzungu, watu wazima humpa kiti kizuri zaidi na kumwelekezea maswali, huku yule Mkenya akidhaniwa kuwa mkalimani wake. Siku za kwanza mpwa wangu alinyamaza na kumeza. Kisha Mmarekani mwenyewe akabuni dawa: akiulizwa swali, hunyamaza akamgeukia mwenzake na kungoja. Watu wameanza kuelewa. Nilipolisikia hilo nilimpenda kijana huyo wa Utah ambaye sijawahi kumwona ana kwa ana.

Historia ya kanisa lao inalipa jambo hilo uzito. Kanisa hilo, lililoanzishwa New York 1830 na Joseph Smith, kwa zaidi ya karne nzima liliwanyima watu weusi ukuhani na ibada za hekaluni. Zuio hilo liliondolewa Juni 1978, na hakuna namna ya kulisimulia bila maumivu. Nilimuuliza mpwa wangu hilo kabla hajaondoka. Hakulikwepa. Alinisimulia habari za Joseph William Billy Johnson, mtu wa Ghana aliyekipata Kitabu cha Mormoni 1964, akakiamini, akaanza kukihubiri na kufungua makutaniko huku akijua fika kwamba kanisa lenyewe halikuwa limemkubali kikamilifu. Alisubiri miaka 14. Desemba 1978 wamishenari wa kwanza walipofika Cape Coast, akina Mabey na Cannon na wake zao, watu wazima na si vijana, walikuta watu wako tayari, na ubatizo wa kwanza ukafanyika kwenye maji ya bahari hapo hapo. Halafu Juni 1989 serikali ya Jerry Rawlings ikapiga marufuku shughuli za kanisa hilo, wamishenari wa kigeni wakaondolewa nchini, na kwa takriban mwaka mmoja na nusu, hadi mwishoni mwa 1990, waumini wakasali majumbani. Wazee wanaoyakumbuka hayo bado wako, na mmoja wao huwakaribisha vijana hawa chakula. Hukaa nao akiwasimulia jinsi walivyoimba kwa sauti ya chini majirani wasisikie.

Katika mojawapo ya siku za maandalizi walikwenda kuitazama ngome ya Cape Coast. Nilimwagiza atafute kaburi moja uani mle ndani, akalipata, akanipigia picha. Ni la Philip Quaque. Huyu alikuwa wa kwetu, Mwanglikana. Alizaliwa Cape Coast 1741, akapelekwa Uingereza 1754 akiwa mtoto, na 1765 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa ukasisi katika Kanisa la Uingereza. Mwaka uliofuata alirudishwa kwao kama mmishenari na mwalimu, kijana wa miaka 25, akapewa makao ndani ya ngome ileile ambayo chini yake watu wa damu yake walifungwa minyororo wakingoja meli. Alikuwa ameisahau lugha ya mama yake na akahitaji mkalimani kuzungumza na watu wa nyumbani. Alifundisha watoto wachache katika chumba kimoja kwa nusu karne, hadi alipofariki 1816. Nimemfikiria mtu huyo mara nyingi tangu nipokee picha ile. Kanisa langu lilimchukua kijana, likampa elimu, likamweka mahali ambapo injili yake isingeweza kusikika kwa sababu ya yaliyokuwa yakitendeka chini ya sakafu. Mpwa wangu anapokesha na daftari la maneno ya Kifante, naona anafanya kile ambacho Quaque alinyimwa.

Na mji huo una makaburi mengine ya vijana. Joseph Dunwell, Mmethodisti wa kwanza kutumwa huko, alifika siku ya kwanza ya Januari 1835 na kufikia Juni alikuwa amekufa. Nilipomtajia dada yangu hilo alinikataza kulirudia dukani mwake.

Hofu yake naielewa. Katika mwezi wa pili wa utumishi, mpwa wangu aliugua upweke mbaya. Hakuwa na homa, alipimwa. Alikuwa hali vizuri, alikuwa akiamka usiku, na kila mlango ulionekana kwake kuwa mrefu. Jumatatu moja alipiga simu akawa hana la kusema. Alimwomba mama yake aendelee kushona tu huku simu ikiwa wazi. Dada yangu alishona pindo la sketi ya shule kwa muda wote ule, kisha akafumua akashona tena, na hakuna aliyezungumza hadi muda wa simu ulipokwisha. Baadaye kijana alimwambia rais wa misheni yake ukweli wote, akasikilizwa, akapata mshauri wa kuzungumza naye. Alibaki. Wapo wasiobaki. Wanarudi baada ya miezi michache kwa ugonjwa wa mwili au wa moyo, na wengine hukuta nyumbani minong'ono badala ya makaribisho. Hilo ni kosa letu sisi tulio nyumbani. Kijana aliyejitoa miezi minne amejitoa miezi minne, na anayemcheka ni nadra sana kuwa amejitoa hata siku nne.

Masharti yenyewe ni mazito kwa umri huo. Hakuna filamu, hakuna mpenzi, hakuna kulala mchana kwa kuwa mvua inanyesha. Chai ya majani na kahawa wameacha tangu wajiunge na kanisa hilo, kwa hiyo mwenyeji wa Ghana akiwapa kikombe cha Milo wanashukuru kwelikweli. Kuvua samaki na kuogelea mpwa wangu alijifunza pamoja, ziwani, kabla hajajua kusoma. Lakini mmishenari haruhusiwi kuogelea. Anakaa hatua chache kutoka Bahari ya Atlantiki na hajatia mguu wake zaidi ya kifundo. Nilimuuliza kama anaionea sheria hiyo uchungu. Alisema Jumanne jioni huionea, hasa watoto wa wavuvi wanaporuka majini wakimwita.

Jumamosi kazi huwa ngumu kwa sababu ya mazishi. Huko maziko ni shughuli ya mji mzima. Barabara hujaa nguo nyeusi na nyekundu, viti vya kukodi na muziki, na waliopangiwa masomo hawapo nyumbani. Mwanzoni vijana hawa waliiona siku hiyo imepotea. Sasa huenda msibani. Wanapanga viti, wanabeba maji, wanaketi na wafiwa. Walikwenda hata kwa mama mmoja ambaye kwa miezi alikuwa akiahidi kuja kanisani bila kuja. Alikuwa amefiwa na kaka yake. Waliosha masufuria nyuma ya nyumba hadi giza likaingia.

Jumapili iliyofuata mama huyo alikuja. Ibada yao ni ya saa mbili, tangu ilipopunguzwa 2019 kutoka saa tatu, na alikaa yote. Hajarudi tena hadi ninapoandika haya, na vijana bado humpitia kumjulia hali. Mpwa wangu alipoisimulia Jumapili hiyo alieleza nguo aliyovaa mama huyo, mahali alipoketi, na kwamba alikuja na kiti chake mwenyewe kidogo kwa kuwa mgongo unamsumbua. Mtoto ambaye nyumbani alikuwa haoni kama maziwa yamekwisha sasa anaona mgongo wa mama wa watu.

Kila baada ya majuma sita hivi huja taarifa za uhamisho, na huenda kufikia toleo lijalo yuko mji mwingine na mwenza mwingine. Wavu wa yule mzee atauacha kwa Mmarekani.

Nimeyaandika haya kwa kuwa nina neno na maaskofu wangu, na wachungaji wa makanisa mengine ambao vijana wao ni wengi kuliko kazi wanazowapa. Kila mwaka maelfu ya watoto wetu humaliza kidato cha nne na kukaa nyumbani miezi wakingoja matokeo, kisha wakingoja chuo, kisha wakingoja ajira. Katika kanisa langu tuna chama cha vijana, KAYO, chenye mikutano mizuri na mashindano ya nyimbo. Tuwaombe zaidi ya hayo. Tuwachague wanaotaka, tuwafunze vizuri, tuwatume wawili wawili kwa mwaka mmoja: Turkana, Tana River, Malawi, Sudan Kusini pale penye amani. Wafundishe watoto kusoma, wakae na wagonjwa, wajifunze lugha ya wenyeji, na wajulikane kwa majina. Tuwatafutie mtu mzima wa kuwasikiliza wanapolemewa, na simu ya kila juma kwa mama zao. Parokia yenye uwezo wa kununua vipaza sauti vipya kila baada ya miaka michache inaweza kumgharamia kijana mmoja kwa mwaka. Sinodi yetu ijayo ilipokee pendekezo hili, na mimi niko tayari kuwa wa kwanza kuchangia.

Na wewe msomaji, wakibisha hodi kwako vijana wawili wenye beji, wawe Wazungu au Wakongo au Waganda, huna wajibu wa kukubali wanachofundisha. Wape kiti na maji ya kunywa, na waulize mama zao wako wapi.